Fundo la Gunia la Ikolo

S.L.P. 61,
Kyela.
11 Septemba 1997

Mpwa wangu Tusekile,

Ugonile. Naandika asubuhi, na naamini huko nako umeamka salama, kikohozi ulichokitaja kimekuachia na koti ulilonunua linatosha kwa baridi. Sisi huku wazima. Mguu wa mama yako haumsumbui tena tangu kiangazi kianze, na kakao yake ya mwisho ameshaianika. Mchele umepanda bei. Wanunuzi kutoka Mbeya na Dar es Salaam wanafika Ikolo na magari yao na kuwania mpunga shambani, jambo ambalo wewe ulipokuwa mdogo hukuliona, maana kulikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, na bei ilikuwa moja.

Barua yako ya tarehe 4 Agosti niliipokea posta hapa Kyela Jumatano tarehe 20, saa nne asubuhi. Niliisoma nimesimama, kisha nikairudia nyumbani mara mbili. Kabla sijajibu, nieleze nilivyoielewa, ili kama nimekosea unisahihishe.

Unasema mtambo wa huko ni jengo la duara, kubwa kuliko uwanja wetu wa mpira, na ndani yake elektroni zinazungushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga wenyewe. Kila zinapopindishwa hutoa eksirei kali mno. Kuzunguka duara kuna njia za kuutoa mwanga huo, na kila njia ina kazi yake. Njia yenu ni ya vitu vya nishati: betri, makaa, kila kitu cha kuhifadhi umeme. Mwisho wa njia kuna chumba chenye kuta za risasi, na mwanga ukifunguliwa hakuna ruhusa ya mtu kuwamo. Unaweka humo betri ndogo kama kifungo cha koti, unaichaji na kuimaliza, unaichaji tena, mwanga ukiwa unapita ndani yake, nanyi mko nje kwenye kompyuta mkiangalia chembe zinavyojipanga na kujipangua. Watu wa mataifa mengi wanaomba nafasi. Wewe ulingoja miezi kumi na moja, ukapewa saa sabini na mbili.

Ndani ya betri yako kuna mkaa wa pumba za mpunga wa Ikolo. Gunia la kwanza ulilibeba mwenyewe ulipokwenda, na mkaa wake ulishika chaji vizuri kuliko mlivyotarajia. Ukasoma matokeo hayo mkutanoni mbele ya wataalamu. Gunia la pili lilikuja Juni. Mlipoliweka kwenye mwanga tarehe 22 Julai mlikuta chuma na chumvi ambavyo gunia la kwanza halikuwa navyo, chembe zimejipanga vingine, na betri ikafa kabla haijachajiwa mara kumi. Mlijaribu betri kumi na nne. Zote zilikufa. Saa ya sitini na sita profesa wako alikuuliza, mbele ya wenzako, kama yale matokeo ya kwanza yalitokea kweli.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Umeeleza bila kulia: umepewa saa arobaini na nane nyingine kuanzia tarehe 14 Oktoba, na kabla ya hapo unahitaji majuma mawili ya kuandaa mkaa. Ukishindwa, ufadhili unakoma Desemba, taarifa uliyoisoma mkutanoni itafutwa, na jina lako litabaki kwenye faili kama la mtu aliyetunga takwimu. Ukaniomba nifuatilie njia ya gunia kutoka shambani hadi mikononi mwa Yohana, aliyekuletea kwa ndege, na maneno yako nimeyapigia mstari: kama unavyofuatilia habari, mjomba, bila kumwonea mtu haya.

Umeniuliza maswali matano. Nitajibu manne kwa mpangilio wako. La tano, kuhusu fundo, nitalifikia.

La kwanza na la pili, shamba na mbegu. Nilikwenda Ikolo tarehe 21. Mama yako anasema mpunga ulitoka shamba la babu yako peke yake, lile la kando ya mto, na mbegu ni ileile anayoitenga kila mwaka kwenye kihenge kidogo. Nilimuuliza kwa njia tatu tofauti na jibu likawa moja. Kisha akainuka kupindua kakao ambayo alikuwa ameipindua muda si mrefu, na aliporudi akaniambia kuna jambo hajamwambia mtu. Februari alipita mchuuzi anayeuza mbolea kwa kopo, mbolea isiyo na mfuko wala jina. Alinunua makopo mawili, akayamwaga kwenye kona ya shamba iliyo karibu na mgomba, kwa sababu mpunga wa hapo ulikuwa umepauka. Anaamini chumvi mliyoiona ni hiyo. Aliniuliza nauli ya ndege ni kiasi gani, aje amwambie profesa mwenyewe kwamba mtoto hana kosa, kosa ni la mama. Nilimwambia asubiri uchunguzi uishe. Kona hiyo nimeipima kwa hatua: ni sita kwa nne, na mpunga wake uliliwa Mei, kabla gunia halijajazwa. Hili alilisema mwenyewe, kisha akasahau kwamba limemwondolea lawama.

La tatu, mashine. Mpunga ulikobolewa Mbugani kwa Hezroni, yule mwenye ndugu Karonga, Malawi, anayevusha mchele pale mpakani Songwe wiki akipenda huku, wiki akipenda kule. Aliponiona na daftari aliwaambia wateja waliokuwa kwenye foleni wanyamaze, mwandishi amekuja, leo mtaandikwa nani kamwibia nani. Nilimweleza habari ya mtambo. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima mashine ili asikie vizuri, akataka arudiwe ile sehemu ya duara. Halafu akasema Wazungu wamejenga taa kubwa kuliko uwanja wa mpira ili waangalie pumba ambazo yeye anamlipa mtu akazitupe, basi wamwambie bei, mchele ataugawa bure. Wateja walicheka sana. Mama mmoja akamtania kwamba hata hizo pumba atazichanganya na za Malawi kama anavyochanganya mchele.

Hapo Hezroni hakucheka. Alinivuta nyuma ya mashine akaniambia kwamba kweli anachanganya. Mchele wa Kyela una jina mjini, wa ng'ambo hauna, na yote ikishakuwa kwenye gunia moja hakuna anayeuliza. Akasema kama ningemuuliza kwa kiapo kwamba siku ile tumbo la mashine lilikuwa safi, asingeapa. Akaongeza, na sauti yake ilikuwa ya chini, kwamba wewe umesoma na mwanawe darasa moja, na kama ni yeye aliyekuharibia, nimwandike tu.

Nilikwenda kumuuliza tena mama yako. Siku ile alifika mashineni wa kwanza, kabla ya saa moja. Debe la kwanza la pumba alilimwaga nje, kama ulivyomwelekeza kwa barua, na la pili akalimwaga kwa woga wake mwenyewe. Alisimama juu ya tundu mpaka gunia likajaa. Kwenye mizani ya Hezroni lilisoma kilo tano na nusu. Hezroni hana kosa.

La nne, njiani. Gunia liliondoka Kyela Jumatatu tarehe 9 Juni kwa basi la alfajiri, nikilisafirisha mimi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeitwa kwenye kikao cha gazeti. Nimeongea na kondakta, Ambilikile. Analikumbuka. Alitaka kulitoza, akalinyanyua kwa kidole kimoja, akatangazia basi zima kwamba mwandishi anapeleka upepo mjini. Halikupanda juu ya basi. Lilikaa kati ya miguu yangu mpaka Dar es Salaam na halikufunguliwa. Tarehe 10 saa kumi na moja jioni nilimkabidhi Yohana uwanja wa ndege, naye anasema hakulifungua hadi alipokuletea. Namwamini.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika Jumamosi iliyopita. Jioni hiyo niliandika barua ya kurasa mbili kwako. Ilikuwa nzuri. Kila neno ndani yake lilikuwa la kweli: mbolea isiyo na jina, mchele wa Songwe, mwenye mashine asiyeweza kuapa. Sikuandika kwamba ni Hezroni. Niliyapanga maneno yake ili jina hilo uliandike mwenyewe. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili na najua jinsi ya kuyapanga. Niliweka stempu.

Jumapili nilikwenda Ikolo kula kama kawaida. Mama yako alikuwa amewafukuza wanunuzi wa mpunga waliokuja na bei ambayo hajawahi kupewa, kwa sababu hajui kama utahitaji tena pumba za shamba lile. Amebakiwa na gunia moja la mpunga, lile la mbegu. Aliniuliza kama makopo mawili ya mbolea yanaweza kusafiri ardhini hatua mia. Aliuliza huku ananipakulia samaki. Nilikula, nikarudi Kyela, na ile barua sikuipeleka posta.

Sasa swali lako la tano. Umesema gunia la kwanza ulilikata kwa kisu kwa sababu fundo la mama yako halifunguki, na hili la pili lilifunguka kwa kuvuta mara moja, ingawa kamba ilikuwa ileile, kipande cha kitenge chake cha kijani. Umeuliza ni nani aliyelifunga.

Ni mimi, Tusekile.

Dar es Salaam nilifikia Tandale kwa ndugu yangu Kenani. Asubuhi ya tarehe 10 nilikwenda kikaoni, nikaacha gunia barazani, na sikumwambia mtu kilichomo. Mkewe Beatrice ni wa kwetu, wa Ipinda. Tangu azaliwe, pumba zikitoka Kyela kwenda kwa mgeni huwa zina mayai ndani ili yasivunjike. Hivyo ndivyo mama yake anavyomtumia, na ndivyo kila mtu anavyotuma. Aliona gunia, akaona fundo la Ikolo, akafurahi. Alishindana na fundo, akalikata pembeni, akalimwaga gunia uani polepole juu ya ardhi, akipapasa. Hakuna yai. Akaita majirani waje wamwone shemeji aliyesafiri kilomita mia tisa na pumba tupu. Nilipoingia saa saba mchana kuku walikuwa katikati ya rundo, na mtu alikuwa ameshamwagia maji ya kufulia upande mmoja. Beatrice alinipokea na kicheko, akaniuliza mayai niliyala njiani yote au nimemwachia mwenye basi.

Nilicheka naye. Hilo ndilo nililofanya kwanza. Sikumwambia, na mpaka leo hajui. Ndege ya Yohana ilikuwa jioni. Kukuandikia kwamba sina kitu kungechukua majuma mawili, na nilijua nafasi yako kwenye mwanga ina tarehe. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Nilikwenda kwenye mashine iliyo jirani na soko la Tandale, ambako mpunga unatoka Kyela, Shinyanga, Morogoro na sijui wapi, na pumba zake ziko chini pamoja na mchanga na kutu. Nikajaza gunia. Kijana wa mashine hakutaka hela. Nikalifunga kwa kitenge cha mama yako, au kilichobaki, kwa fundo la viatu. Kwenye mizani ya uwanja wa ndege lilisoma kilo saba. Niliiona namba hiyo. Yohana hakujua ilitakiwa kuwa ngapi.

Nilidhani pumba ni pumba. Lakini hilo halinitoshi kama utetezi, kwa sababu ulishaniandikia mwaka jana kwamba mtambo huo unaona kitu kimoja kati ya milioni, na niliyaandika maneno hayo kwenye gazeti letu la tarehe 20 Julai, chini ya jina langu, pamoja na sentensi isemayo kwamba pumba za Ikolo sasa ziko kwenye mwanga wa Ulaya. Siku mbili baadaye ziliwekwa kwenye mwanga pumba za Tandale, na mtambo ukasema hivyo. Katika habari yote hii, shahidi pekee aliyesema ukweli mara ya kwanza alipoulizwa ni huo mtambo.

Barua yako ilipofika nilikuwa na jibu kabla sijairudisha kwenye bahasha. Uchunguzi wa majuma matatu niliufanya nikitafuta mtu mwingine. Nilipata wawili, na wote walijitolea wenyewe kubeba lawama.

Nimemwambia mama yako juzi Jumanne. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha. Alipomaliza ungo alisema kwamba kumbe Jumapili tatu nimekaa kwenye kigoda chake, nikala samaki wake, nikamtazama akijihukumu. Baadaye aliuliza kama Beatrice alimaliza kusafisha ule ua. Kisha akavaa kanga ya kutokea, akaniambia nibebe gunia la mbegu hadi barabarani, na kwamba baada ya hapo nisiguse tena kitu chake chochote kilichofungwa.

Jana lilikobolewa. Hezroni alifungua mashine yote, akaisugua kwa brashi mbele yetu, akakataa wateja hadi saa tano. Nilimwambia na yeye, pale pale, kwamba nilikuwa nimeandika barua ya kumchongea. Akasema ndiyo maana yeye husikiliza redio, magazeti hasomi. Debe la kwanza na la pili yamemwagwa. Uzito wa gunia ni kilo tano na gramu mia nane, na ndani yake mama yako ameweka karatasi yenye namba hiyo, ili ulipime likifika.

Hii ina maana kwamba mwakani hatakuwa na mbegu ya babu yako. Atapanda atakayonunua kwa wafanyabiashara. Nilimkumbusha. Alisema analijua.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, kwa Kiingereza, ya profesa wako. Ina tarehe, saa, majina ya mahali na saini yangu. Haina maelezo ya kuniombea. Mpe, na nakala uweke kwenye faili lako. Mhariri nimemtumia kwa faksi masahihisho ya habari ya tarehe 20 Julai, nikaomba yachapwe ukurasa uleule. Amenipigia simu posta kuniambia nisije na habari nyingine mpaka aniite. Ni haki yake.

Sikuombi uniandikie upesi. Saa zako za Oktoba ni chache, zitumie kwenye mwanga. Ukija kuniandikia, niulize lolote, na swali la fundo liweke la kwanza.

Mama yako anaondoka Jumamosi kwa basi la alfajiri. Hajawahi kuvuka Mbeya. Ambilikile ameahidi kumpa kiti cha mbele na kutomtania. Gunia atalipakata mwenyewe, barua hii ikiwa ndani ya nguo zake, na Jumatatu atasimama kwenye kaunta ya kampuni ya vifurushi mpaka aone limebandikwa jina lako. Kabla ya tarehe 26 litakuwa mkononi mwako. Fundo ni lake. Tafuta kisu.

Atalala kwa Kenani. Nilimshauri afikie kwingine, akasema hana ugomvi na Beatrice. Ameandaa na kikapu cha pili, ameniita nikione bila kukigusa: mayai arobaini, yamefukiwa kwenye pumba alizopewa na Hezroni, zile zilizochanganywa. Anasema akifika atamkabidhi Beatrice mlangoni, kabla hajavua viatu.

Wasalimie wenzako wa maabara. Hezroni anakusalimu na bado anauliza bei. Mimi nakutakia mwanga mzuri tarehe 14, na ndaga fijo, asante sana, kwa kuuliza maswali yaliyonyooka.

Ni mimi mjomba wako,
Eliud